Aliniambia "sema wewe, mwanangu", nami nikataja bei

Mpendwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kuuza vitabu vilivyotumika: vya shule, riwaya, kamusi, na kwa miaka saba iliyopita magazeti ya zamani ya katuni pia. Nilianza kuyanunua kwa mapenzi yangu mwenyewe, baadaye nikapata wateja wachache wa Dar es Salaam na mmoja wa Mombasa wanaoyatafuta. Ninakuandikia kwa sababu ni wiki ya tatu sasa usingizi umenipaa, na kila ninayemwomba shauri ananipa jibu la haraka kuliko swali langu.

Mwezi uliopita nilielekezwa kwa bibi mmoja wa Chumbageni, mjane mwenye umri wa miaka kama 75. Marehemu mumewe alikuwa karani bandarini kwa miaka mingi, enzi ambazo meli zilikuwa zikija kupakia mkonge, na mabaharia waliomzoea walikuwa wakimwachia magazeti waliyokwisha kuyasoma safarini. Alikuwa mtu wa kutunza vitu. Ameacha masanduku matatu ya bati yaliyojaa: Sani nyingi, Film Tanzania, African Film zile za mpelelezi Lance Spearman, vitabu vya katuni vya Kihindi alivyoachiwa na majirani waliohamia Uingereza na Kanada, na mengine ya Kimarekani na ya Kiingereza. Bibi alinikaribisha barazani, akanipa kahawa, akanieleza kwamba wauza karanga walikwisha kuja kuyataka kwa kilo, wakafungie karanga zao, naye akawakatalia, kwa sababu mzee alikuwa akinawa mikono kabla ya kuyashika. Nilipomwuliza anataka kiasi gani, alijibu: "Mimi najua nini katika haya? Sema wewe, mwanangu."

Nilifungua sanduku la kwanza nikakuta Sani. Nikafungua la pili, nikaona juu kabisa gazeti la Kimarekani la Spider-Man la miaka ya 1960 na chini yake Hulk, nikalifunika, nikasema kwamba ni magazeti ya zamani tu lakini nitayachukua yote, kisha nikataja shilingi 180,000. Akasema Mwenyezi Mungu anibariki. Nikampa arubuni ya shilingi 60,000, fedha za mchezo wa mke wangu, nikaondoka na lile sanduku la pili kwa bajaji. Tulikubaliana kwamba mwisho wa mwezi nitamalizia 120,000 na kuchukua mawili yaliyobaki.

Nyumbani niliyapanga juu ya mkeka nikayahesabu, yakafika 214. Pini zake zimeota kutu, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na baadhi ya kurasa za ndani zimekatwa vipande kwa mkasi, nadhani mtoto alikuwa akitoa picha. Nilipotafuta kwenye intaneti, niliona Spider-Man moja kama langu limewekwa kwa dola 900, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, na lile la Hulk, namba 181 la Novemba 1974, limewekwa kwa maelfu ya dola. Mikono ilinitetemeka. Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja hivi, kisha nikaanza kumwona yule bibi kila nilipofumba macho.

Mke wangu anasema kwamba biashara ni maelewano, bibi ameridhika na hakuna aliyemlazimisha, na kwamba mimi nimewahi kununua mafungu mangapi yaliyoishia kuliwa na mchwa bila mtu yeyote kuja kunirudishia hasara. Ada ya mtoto wetu wa kidato cha kwanza haijakamilika, kwa hiyo simlaumu. Rafiki yangu wa sokoni anasema nimalizie deni haraka nichukue karatasi ya mauziano. Baada ya Isha nilimgusia sheikh wetu, lakini nikalieleza jambo kwa kulizunguka, akanijibu kwa kulizunguka vilevile. Kisha juzi nikapigiwa simu na mtoto wa bibi anayeishi Dar es Salaam, akaniuliza kwa adabu: "Kaka, nasikia umenunua vitu vya baba?" Anakuja Tanga baada ya siku kumi.

Je, nimemdhulumu bibi huyu? Ujuzi wangu wa miaka saba si mali yangu? Na nikienda kumwambia, nitakuwa nimejikata mkono mwenyewe? Naomba unishauri.

Mnunuzi wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Ndugu yangu wa Ngamiani,

Wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kwanza nakushukuru kwa kutoficha fedha za arubuni zilitoka wapi, wala maneno uliyoyatamka ulipokuwa ukilifunika lile sanduku. Nikikuelewa sawasawa, umeanza kununua mali ambayo muuzaji hakuijua thamani yake, kwa bei uliyoitaja wewe kwa ombi lake. Umelipa theluthi moja. Theluthi mbili za bei hujazilipa, na theluthi mbili za masanduku zimebaki Chumbageni. Na siku ya kuulizwa inakaribia. Hukumu sina ya kukupa. Hata hivyo, katika barua yako yamo mambo kadhaa ambayo umeyachukua kana kwamba yamekwisha kuthibitika, na ningependa tuyatazame pamoja kabla hujajiita dhalimu au mwenye bahati.

Jambo la kwanza ni hiyo bei yenyewe. Dola 900 ulizoziona ni bei ambayo mtu mmoja, mahali fulani, anatamani kulipwa. Pengine ameiweka hapo tangu mwaka juzi na hakuna aliyeigusa. Wewe mfanyabiashara wa vitabu unaijua tofauti kati ya bei ya kutaja na bei iliyolipwa, na masoko makubwa ya mnada ya intaneti huonyesha pia orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo ya kutazama, tena kwa nakala yenye hali kama ya kwako. Katika biashara hii hali ya gazeti huweza kubeba bei yote. Wakusanyaji wa Marekani hupima kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10, na tangu mwaka 2000 ipo kampuni huko, CGC, ambayo kazi yake ni kukagua gazeti, kuliwekea alama na kulifungia ndani ya plastiki ngumu. Kati ya nakala ya alama 9 na nakala ya alama 2 ya toleo lilelile, bei inaweza kupishana mara kumi na zaidi. Kutu ya pini ikishaingia kwenye karatasi hupunguza alama, na karatasi ya rangi ya chai, kama unavyoieleza, ni karatasi ya gazeti inayojila yenyewe kwa asidi iliyomo ndani yake, jambo ambalo joto na unyevu wa pwani yetu huliharakisha.

Huenda habari za mamilioni ndizo zinazotutia homa. Mwaka 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1, gazeti la mwaka 1938 ambalo Superman alitokea kwa mara ya kwanza na lililouzwa kwa senti 10, ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Ni kweli, lakini nakala zilizobaki za toleo lile ni chache mno, na iliyouzwa ilikuwa na alama 8.5. Upande wa pili lipo X-Men namba 1 la mwaka 1991, ambalo lilichapwa nakala zaidi ya milioni nane, watu wakayanunua kwa mafungu na kuyaficha wakingoja utajiri. Mpaka leo ni rahisi, kwa sababu kila aliyelitaka analo. Uzee wa gazeti au namba yake peke yake havitoshi kukuambia chochote.

Sasa nenda kwenye Hulk lako, maana hapa upo mfano ulio mikononi mwako. Toleo namba 181 linatafutwa kwa sababu ndani yake Wolverine, shujaa mashuhuri wa katuni, anaonekana kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima. Kuanzia mwaka 1974 kampuni ya Marvel ilikuwa ikichapa stempu ndogo yenye picha ndani ya magazeti yake, kwa kawaida katika ukurasa wa barua za wasomaji, na watoto waliambiwa waikate wakaibandike kwenye kitabu maalumu. Namba 181 lina stempu hiyo. Watoto wengi sana walitii, na nakala iliyokatwa huporomoka bei hata kama jalada lake linang'aa. Wewe umeniandikia kwamba baadhi ya kurasa zimekatwa kwa mkasi. Lifungue taratibu, bila kulilaza wazi kabisa, ufike ukurasa wa barua, utazame kama kuna tundu la mraba. Kisha hesabu kurasa zote, za gazeti hilo na za yale mengine unayoyatilia maanani. Bado hujui una nini, ndugu yangu, na unalilia au unalifurahia jambo ambalo hujalifungua.

Haya yote nimeyasema ili upumue, wala sikusudii kukuambia kwamba hakuna kitu. Inawezekana kabisa kwamba hata baada ya kutu na mkasi, sanduku hilo moja lina thamani ya mara nyingi ya zile 180,000. Tuchukue kwamba ndivyo ilivyo, kwa maana hapo ndipo ulipo usingizi wako.

Unauliza kama ujuzi wako wa miaka saba si mali yako. Ni mali yako, na mkeo anasema kweli anapokumbusha hasara ambazo hakuna aliyezichangia. Mnunuzi anayekwenda sokoni, akakuta kitu kimewekwa bei na mwenyewe, akakilipia bei hiyo, wengi wetu hatuoni kwamba anadaiwa somo na muuzaji. Lakini hivyo sivyo ilivyokuwa barazani kwa bibi. Yeye hakuwa na bei. Alikuazima nafasi yake akasema "sema wewe, mwanangu", na kwa maneno hayo ulikaa pande mbili za biashara kwa wakati mmoja, mnunuzi na msemaji wa muuzaji. Je, ulipoitikia uliikubali nafasi hiyo ya pili, au ulidhani ni maneno ya ukarimu tu? Sijui, na ni wewe tu uliyekuwepo.

Yapo pia yale maneno yako, "ni magazeti ya zamani tu". Umeyaandika kwa kupita, katikati ya sentensi ndefu, kati ya kulifunika sanduku na kutaja bei. Nimeyarudia mara kadhaa kwa sababu naona mambo mawili yamefungwa pamoja hapo. Kunyamaza juu ya unachokijua ni jambo ambalo wafanyabiashara waungwana wamelijadili tangu zamani bila kukubaliana. Kutamka usichokiamini ni jambo jingine. Jiulize, kwa upole, moyo wako ulikuwa wapi ulipoyatamka: ulikuwa bado huna hakika ukasema lililokuja mdomoni, au uliona na ukaamua asione? Jibu lako kwa swali hili linaweza kukuambia kinachokunyima usingizi kuliko bei yoyote ya intaneti.

Umemgusia sheikh wako kwa kuzunguka, nami nakusihi urudi kwake na habari nzima. Mwulize hasa kuhusu kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataza, na muuzaji akapewa hiari pale atakapofika sokoni na kuijua bei. Kama mjane aliyekaa barazani kwake Chumbageni anafanana na mwenye msafara ambaye bado hajaliona soko, hilo ni la mwanachuoni kukufafanulia, na mimi siliingilii.

Lipo jambo jingine ambalo sikuliona mahali popote katika barua yako, nalo linaweza kuwa zito kuliko yote. Vitu hivi ni vya marehemu. Unasema umenunua kwa bibi, lakini je, ni vyake peke yake? Ikiwa mirathi inafuata sheria ya Kiislamu na marehemu ameacha watoto, fungu la mjane ni thumni, yaani moja ya nane, na kilichobaki kina wenyewe. Ikiwa yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Ni kweli kwamba familia nyingi haziitani kikao kwa ajili ya masanduku ya magazeti, na bibi aliuza kwa nia safi kitu alichodhani ni mzigo wa nyumba. Hata hivyo, rafiki yako anayekushauri uharakishe karatasi ya mauziano huenda anakupa karatasi isiyokulinda, kwa sababu sahihi ya bibi peke yake haiwezi kuhamisha haki ya watoto wake. Simu ya yule kijana, pamoja na adabu yake yote, ilikuwa ni simu ya mrithi.

Basi njia zako ni zipi? Unaweza kumalizia 120,000 na kunyamaza. Sitakuficha kwamba watu wema wamewahi kufanya hivyo na maisha yao yakaendelea. Hatari yake unaijua: Tanga ni mji mdogo kwa habari, kazi yako yote inategemea watu kukuelekeza kwa wajane na wastaafu wenye masanduku, na siku gazeti moja likiuzwa kwa bei kubwa utalazimika kuificha furaha yako hata kwa watu wa nyumbani. Unaweza pia kurudisha sanduku na kuomba arubuni yako, ukanawa mikono. Ni safi kwa upande wako, lakini nani atakuja baada yako? Dalali, au wauza karanga siku bibi atakapochoka kukataa.

Njia ya kwenda kumwambia, ambayo wewe umeiita kujikata mkono, ningependa uitazame kwa makini zaidi. Unadhani kwamba ukifungua mdomo biashara imekufa. Inawezekana ikafa, mtoto anaweza kuchukua masanduku akaenda nayo Dar es Salaam, na ujuzi wako ukawa umewafaidi wengine, hilo sikuahidi kwamba halitatokea. Lakini mtazame bibi ulivyomweleza wewe mwenyewe. Aliwakatalia wauza karanga. Alikusimulia kwamba mumewe alikuwa akinawa mikono. Mtu anayetaka fedha tu hasimulii habari ya mikono. Inaelekea alikuwa akitafuta mtu atakayeyashika magazeti yale kama mzee alivyoyashika, na pengine alipokuona ukiyafunua alidhani amempata. Nani ajuaye atasema nini akisikia kwamba mumewe alikuwa ametunza kitu ambacho watu wa nchi za mbali wanakitafuta? Hujampa nafasi ya kusema.

Na kama atataka muendelee, utaratibu tunao hapa pwani tangu kabla ya bandari ya mkonge: mali kauli. Magazeti yanabaki kuwa yao, wewe unayauza kwa majina na mawasiliano yako, na kila linapouzwa mnagawana kwa fungu mlilokubaliana, baada ya kutoa gharama za posta na za ukaguzi. Hapo ujuzi wako wa miaka saba unapata bei yake waziwazi, mbele ya mashahidi. Lakini mali kauli ina ugumu wake, na hapa nataka niwe mkweli hasa. Kuuza gazeti moja ng'ambo kunaweza kuchukua miezi; mnunuzi anaweza kulikataa likifika, akisema hali yake siyo uliyoieleza; malipo ya dola yana njia zake na makato yake; na kulituma CGC kuna gharama ambayo kwa gazeti la thamani ndogo inaweza kuimeza faida yote. Bibi ana miaka 75, na kungoja kwa mtu wa umri huo si sawa na kungoja kwako. Ikitokea hitilafu, familia itakumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuwa na magazeti. Kwa hiyo mkiifuata, ifanyeni kwa orodha: kila gazeti jina lake, namba, mwezi, hali yake na picha ya jalada, nakala moja kwako na nyingine kwa bibi, na sahihi za warithi. Huenda pia mkaona afadhali kugawa: yale machache ya Kimarekani yawe mali kauli, na yaliyobaki uyanunue kwa bei mpya mtakayoizungumza pamoja na kijana wake.

Hayo yaliyobaki, ndugu yangu, yamenigusa kuliko Spider-Man, na nisamehe nikikaa hapo kidogo. Umeandika kwamba ulifungua sanduku la kwanza "ukakuta Sani", ukapita kwenda la pili. Gazeti la Sani lilipata jina kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo wakaishi wahusika kina Lodilofa, Ndumilakuwili, Madenge na Kipepe. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa haraka kwa sababu ya Ndumilakuwili, kwani nakala ilikuwa moja na tulikuwa watoto sita tukiingoja. Film Tanzania ya Faraji Katalambula, mwandishi wetu wa hadithi za upelelezi, ilitumia picha za watu halisi wakiigiza, kama African Film ilivyofanya na Spearman. Magazeti ya Kimarekani yana kitabu cha bei kinachochapwa tangu mwaka 1970, na maelfu ya watu wanayahifadhi. Haya yetu hayana kitabu cha bei. Yalipitishwa mkono hadi mkono mpaka yakachanika, na mengine yakafungia vitumbua. Mfululizo wa Sani za miaka ya mwanzo, uliotunzwa na mtu mmoja aliyenawa mikono, huenda ni mgumu kupatikana kuliko lolote lililomo katika lile sanduku la pili, ingawa hakuna anayeutajia dola. Utakapokuwa ukizungumza na familia kuhusu bei, utayaweka wapi haya? Na wewe binafsi, uliyeanza kazi hii kwa mapenzi, ungependa yaende wapi?

Kuhusu vile vitabu vya Kihindi, angalia tu kama ni Indrajal, mfululizo ulioanza mwaka 1964 na kukoma mwaka 1990, au ni Amar Chitra Katha, ulioanzishwa mwaka 1967. Hivi vya pili vimechapwa upya mara nyingi mno, kwa hiyo namba ya toleo pekee isikupe matumaini wala isikukatishe tamaa.

Nyumbani, zungumza na mkeo kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, maana zile 60,000 ni jasho la mchezo wake na ada ya mtoto ni yenu wote. Mwambie habari ya mirathi, ambayo nadhani hakuifikiria. Mwulize pia angependa mnunuzi gani aje barazani kwa mama yake mzazi. Mwulize kwa kutaka kujua, usimwulize kwa kumnyamazisha, kwa sababu anaweza kukupa jibu ambalo mimi na wewe hatukulitegemea.

Mtoto wa bibi umepewa siku kumi kabla ya kuonana naye. Ni juu yako kuona kama utamngoja au utatangulia kwa mama yake. Ukitangulia, unaweza kubeba lile Hulk, na kama kweli stempu imekatwa, mwonyeshe bibi tundu lake umwulize ni nani nyumbani humo aliyekuwa akicheza na mkasi mwaka 1974 au baadaye. Pengine ndiye huyohuyo anayekuja kutoka Dar es Salaam.

Wakati huo wote, lile sanduku liondoe sakafuni leo, uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta unaopata unyevu. Usibandike gamu wala solotepu popote, hata mahali palipochanika, na usizing'oe pini zenye kutu. Yapange yakiwa yamesimama, mepesi, bila kuyabana. Ukienda Chumbageni, mwombe bibi akuruhusu ufanye vivyo hivyo na yale mawili yaliyo kwake, yawe yako mwishowe au yasiwe.

Wako katika mashauri,
Mshauri